RAM 4GB, Python mchana na hadithi ya Kiswahili usiku: nichague edita gani?

#1 Nyamisati
Habari wakuu. Nina mashine ya Core i3, RAM 4GB, diski ya kizamani, Windows 10. Mchana najifunza Python na HTML kidogo, usiku naandika hadithi ndefu ya Kiswahili ambayo imeshavuka kurasa mia. Programu naandikia VS Code, hadithi naandikia Word. VS Code ikiwa wazi pamoja na Chrome, mashine inaganda mpaka kishale cha kipanya kinasita. Word nayo inapiga mstari mwekundu chini ya karibu kila neno, ukurasa mzima unaonekana kama nimekosea kila kitu.

Nataka edita (programu ya kuandikia) moja nyepesi kwa kazi zote mbili, isiyonimalizia bando. Ya kununua msinitajie. Ninyi mnatumia ipi, na kwa nini hiyo?

#2 Chuma cha Reli
Notepad++. Ipo tangu 2003, ya bure, mashine yako haitajua hata kama imefunguliwa. Uzi ufungwe.

#3 Kaka wa Kirumba
Uzi haufungwi mkuu, swali lake ni zito kuliko hilo. Nyamisati, VS Code imejengwa juu ya Electron, mfumo wa kujengea programu, na ndani ya Electron kuna Chromium, kivinjari ambacho Chrome imetokana nacho. Ukifungua VS Code na Chrome kwa pamoja, RAM yako inabeba vivinjari viwili. Lakini kabla ya kuifuta, bonyeza Ctrl+Shift+P, andika "Show Running Extensions", uone kila ekstensheni (kipande cha nyongeza) inachukua muda gani kuamka. Wanafunzi wengi wanaoniletea mashine wana ekstensheni kumi na tano walizoambiwa na video moja, na wanazotumia kweli ni mbili. Zima zote, bakiza ya Python, kisha urudi hapa utuambie.

#4 BintiTarime
Mimi nasema tatizo ni diski. RAM ikijaa Windows inahamishia mzigo kwenye diski, na diski ya kuzunguka haiwezi kasi hiyo. Dalili yake ndiyo hiyo aliyoitaja, kipanya kusita. Weka SSD, diski isiyozunguka, hata ndogo ya GB 120 uone. Edita yoyote itakuwa nyepesi.

#5 Mzee wa Seva
Salaam. Vijana mnamtuma mtu dukani wakati ameuliza programu. Tumia Vim, edita inayoendeshwa kwa kibodi tupu.

Sababu zangu. Bill Joy aliandika vi, mzazi wa Vim, pale Berkeley mwaka 1976, akiwa nyumbani, kwenye terminali ya ADM-3A, kwa modemu ya 300 baud. Herufi zilikuwa zinakuja moja moja. Ndiyo maana amri zake ni fupi mno: dd inafuta mstari, ciw inafuta neno na kukuweka tayari kuandika jingine, nukta peke yake inarudia jambo la mwisho ulilofanya. Na mshale wa kushoto, chini, juu na kulia ni h j k l kwa sababu kwenye kibodi ya ADM-3A mishale ilichorwa juu ya herufi hizo. Chombo kilichobuniwa kwa mtandao dhaifu bado kinatufaa sisi. Nimekaa kijijini nikarekebisha seva iliyoko Ulaya kwa simu yenye alama moja ya mtandao, na kazi ikaisha.

#6 BintiTarime
Nilijua tu Mzee wa Seva atapita hapa! Sasa mwambie kwanza dada wa watu namna ya kutoka. Mwaka 2017 Stack Overflow, tovuti ya maswali ya waandishi wa programu, walitangaza kwamba swali la "nitokeje kwenye Vim" limeshasomwa na watu zaidi ya milioni moja.

#7 Mzee wa Seva
Esc, kisha :q! halafu Enter, unatoka bila kuhifadhi. :wq unahifadhi na kutoka. Binti yangu, hapo nimeshamaliza somo. Kuendesha daladala kunachukua muda mrefu zaidi ya hapo na watu wanajifunza.

Na kuna jambo linalotuhusu zaidi watu wa ukanda huu. Ukiifungua Vim bila faili, katikati ya skrini kuna mwaliko wa kuwasaidia watoto maskini wa Uganda. Andika :help iccf usome mwenyewe.

#8 Mkisumu
Hiyo ya Uganda nimeiona miaka nikidhani ni tangazo la kawaida tu. Ni kweli ama?

#9 Jirani wa Mutukula
Ni kweli kabisa. Bram Moolenaar, Mholanzi, alitoa Vim hadharani mwaka 1991, ikiwa ya kompyuta za Amiga. Mwaka 1994 alikaa mwaka mzima Kibaale, Uganda, akijitolea, akishughulika na maji na usafi wa mazingira, na aliporudi Uholanzi wakaanzisha ICCF Holland. Vim haiuzwi, ila anayeifurahia anaombwa achangie kituo cha watoto cha Kibaale: shule, zahanati, watoto waliofiwa na wazazi kwa UKIMWI. Wilaya ya Rakai iliumia vibaya sana na ugonjwa ule, sisi wa upande huu wa mpaka tunakumbuka.

Bram alifariki tarehe 3 Agosti 2023. Toleo la 9.1 lililotoka Januari 2024 lilitolewa kwa heshima yake.

#10 Kaka wa Kirumba
Kibaale si iko magharibi huko, Bunyoro? Imekuwaje Rakai?

#11 Jirani wa Mutukula
Kibaale ni mbili mkuu. Ile ya Bunyoro ni wilaya. Hii ni mji mdogo kusini mwa Uganda, karibu na mpaka wa Tanzania. Wengi wanaosoma ule ujumbe wakiwa Marekani au Ujerumani wanatafuta kwenye ramani na kuishia Kibaale isiyo yake.

#12 Mwalimu wa Zamu
Turudi kwa Nyamisati. Mimi nafundisha kompyuta sekondari, na wanafunzi wangu wengi hawana hata hiyo RAM 4GB, wana simu. Wanaandika kwa Acode kwenye Android, wengine wana Termux, terminali ya Linux kwenye simu, na Python ndani yake (ipakueni kutoka F-Droid, duka la programu huria, ile ya Play Store iliachwa nyuma muda mrefu). Wanafanya kazi nzuri tu. Kwa hiyo hoja kwamba bila VS Code huwi mtaalamu siikubali hata kidogo.

Lakini chunga kitu kimoja: usiandike programu ndani ya Word wala usiipitishie huko. Word inageuza alama za nukuu zilizonyooka kuwa zilizopinda, na Python ikizikuta inagoma, inakuandikia invalid character na namba U+201C. Mwanafunzi anaangalia mstari, anaona nukuu ipo, anaangalia tena, ipo. Analia. Kwenye skrini ndogo huwezi kutofautisha kwa macho. Nyingine ni kuchanganya Tab na nafasi: mistari imelingana vizuri kabisa, Python 3 inasema TabError. Kwenye edita yoyote utakayochagua, kazi ya kwanza ni kuiambia Tab iweke nafasi nne, na uwashe ile sehemu ya kuonyesha herufi zisizoonekana. Notepad++ inayo, iko kwenye View, Show Symbol. Utaona nafasi kama vinukta na Tab kama mshale.

Kwa Python ya kuanzia mimi ningekupa Thonny. Ilitengenezwa Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia, kwa ajili ya wanaoanza hasa. Inakuja na Python yake, unabonyeza F5 programu inakimbia, na pembeni unaona kila kigezo kina thamani gani.

#13 Chuma cha Reli
Thonny hadithi haiandikiki mwalimu. Amesema edita moja.

#14 Mwalimu wa Zamu
Na mimi nauliza kwa nini iwe moja? Seremala hana msumeno mmoja.

#15 Nyamisati
Asanteni. Swali dogo hapo hapo: umeme huku kwetu unakatika bila taarifa na betri ya mashine imekufa. Ipi inaokoa kazi?

#16 Mzee wa Seva
Vim inaandika faili la pembeni lenye mwisho wa .swp kila ukishachapa herufi 200, au ukitulia sekunde 4. Umeme ukirudi, fungua faili lile lile, itakuuliza kama unataka kurejesha. Bonyeza R. Ukiona kazi yako imerudi, hifadhi, kisha ufute lile faili la .swp, maana usipolifuta itakuuliza kila siku.

#17 Chuma cha Reli
Notepad++ nayo inahifadhi nakala ya akiba kila sekunde 7, hata faili ambalo hujalipa jina. Angalia Preferences, Backup.

#18 Kaka wa Kirumba
Na VS Code pia, msiisingizie. Ukiifunga ghafla inakumbuka maandishi ambayo hayajahifadhiwa.

#19 Dada wa Takwimu
Samahani, niwaeleze jambo moja. Nakala ya akiba si kinga kamili. Umeme ukikatika wakati diski inaandika, faili linaweza kubaki na ukubwa ule ule lakini ndani limejaa herufi tupu. Nimeliona kwa macho, tasnifu ya mtu, edita ilifunguka vizuri kabisa ikaonyesha neno NUL, NUL, NUL kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nakala ya akiba ilikuwa kwenye diski hiyo hiyo. Kilichomwokoa ni barua pepe aliyomtumia msimamizi wake wiki ile.

Nyamisati, kabla ya kubishana na hawa kuhusu edita, jifunze Git, inayotunza historia ya kila badiliko, au angalau nakili folda kwenye flashi kila jioni. Hadithi ya kurasa mia haiandikwi mara mbili.

#20 Mkisumu
Dada wa Takwimu ameongea ukweli mtupu. Ila akianza Git tu, siku ya kwanza atachapa git commit, amri ya kuweka badiliko kwenye historia, na atajikuta ndani ya Vim bila kupenda. Weka hii mapema:

git config --global core.editor nano

Nano inakuonyesha chini ya skrini namna ya kuhifadhi na kutoka. Ctrl+O, Ctrl+X, umemaliza.

#21 Mzee wa Seva
Mkisumu unamharibia mtoto.

#22 Mtunzi wa Pangani
Mmejibu sana upande wa Python, hadithi mmeisahau. Mimi ndiyo kazi yangu, niseme.

Kilichonitoa kwenye Word ni urefu. Hati moja ya kurasa mia tatu, kila ukifungua unaanzia juu na kushuka kutafuta ulipoishia, na nusu ya jioni inaishia kwenye kupanga fonti. Sasa kila sura ni faili lake la maandishi matupu: 01-bandarini.md, 02-barua.md, hivyo hivyo. Natumia Markdown, ambayo John Gruber aliitoa 2004. Kichwa cha sura ni alama ya reli (#) mwanzoni mwa mstari, neno la mkazo linazungushiwa nyota, basi. Mchapishaji akitaka faili la Word, programu ya Pandoc inaziunganisha sura zote na kutoa docx kwa amri moja.

Upande wa edita, huyu Mzee wa Seva mnayemtania ana hoja ambayo hajaitaja. Vim inaitambua sentensi. Ukiwa popote ndani ya sentensi, das inaifuta yote, cis inaifuta na kukuacha uandike nyingine mahali pake, dap inaondoa aya nzima. Kwa mtu anayehariri mazungumzo ya wahusika, hilo ni jambo kubwa. Unasoma, unaona sentensi imelegea, cis, unaandika iliyokaza. Mkono hauendi kwenye kipanya. Ongeza :set linebreak ili mistari isikatike katikati ya neno.

Gharama yake ni kwamba majuma ya mwanzo utaandika polepole, na hadithi haipendi kusubiri. Kama uko katikati ya sura yenye moto, usihamie Vim sasa. Malizia sura.

#23 Nyamisati
Mtunzi, hapo umenigusa. Na ile mistari myekundu je? Kuna inayojua Kiswahili?

#24 Dada wa Takwimu
LibreOffice ina kamusi ya tahajia ya Kiswahili, sw_TZ. Faili zake ni mbili, .dic na .aff, na edita nyingi zinaweza kuzitumia. Kwenye Notepad++ kuna programu-jalizi ya DSpellCheck, unaielekeza kwenye kamusi za Hunspell, mfumo wa kukagua tahajia unaosoma faili hizo. Kwenye Vim unaziweka folda moja, unachapa :mkspell sw sw_TZ, na faili linalotoka unalihamishia kwenye folda yako ya spell. Baada ya hapo :set spell spelllang=sw. Neno sahihi ambalo hailijui, weka kishale juu yake ubonyeze zg, halitakusumbua tena.

Usitarajie makubwa. Hunspell ilibuniwa kwanza kwa ajili ya Kihungari, lugha inayorundika viambishi nyuma ya mzizi. Sisi tunavirundika mbele: hatukuwaambia, asipokuja, nitakapomwona. Kamusi ya aina hii lazima iorodheshe michanganyiko mingi, na mingine huikosa hata kama ni Kiswahili fasaha kabisa.

#25 Chuma cha Reli
Kazi hii ilianza zamani jamani. 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux walitoa Jambo OpenOffice, menyu zote Kiswahili. Miaka yote hii baadaye edita za kuandikia programu ambazo tunazisifu hapa bado tunazifungua kwa Kiingereza. Inaniuma.

#26 Mwanafunzi Huru
Mimi siioni kama hasara mkuu, maana makosa ya Python yenyewe yanakuja kwa Kiingereza. Afadhali uzoee mapema.

#27 Mwalimu wa Zamu
Mwanafunzi Huru, ukae mbele ya darasa la kidato cha kwanza kisha uniambie hilo tena. Mtoto anapambana na wazo jipya na lugha ya pili kwa wakati mmoja. Wengi wanaokata tamaa hawajashindwa na kompyuta.

#28 Mkisumu
Swali tofauti kidogo. Kwa nini kila kozi inafundisha VS Code? Ilitangazwa tu Aprili 2015. Kabla yake kulikuwa na edita za Sublime na Atom, zote zilikuwa safi.

#29 Kaka wa Kirumba
Kwa sababu ya LSP. 2016 Microsoft walitoa utaratibu unaoruhusu akili ya lugha, yaani kukamilisha maneno na kuonyesha makosa, ikae kwenye programu ya pembeni ambayo edita yoyote inaweza kuzungumza nayo. VS Code ikapata lugha zote upesi.

#30 Mzee wa Seva
Kama ni LSP, mbona edita ya Neovim, tawi la Vim, nayo inayo, na Emacs inayo? Hiyo haielezi kwa nini moja imeshinda. Iliyoshinda ni pesa. Kampuni kubwa inagawa bure kitu ambacho wengine walikiuza.

#31 Dada wa Takwimu
Atom nayo ilikuwa bure. GitHub waliitoa 2014, na hiyo Electron yenyewe ilizaliwa humo. Microsoft walinunua GitHub 2018, na tarehe 15 Desemba 2022 Atom ikafungwa. Kwa hiyo "bure" peke yake haitoshi kueleza.

#32 BintiTarime
Mnazunguka. Watu wanatumia ile ambayo mwalimu wa YouTube anatumia. Skrini yako isipofanana na yake unaogopa. Basi.

#33 Mtunzi wa Pangani
Na Sublime mbona hamjaitetea? Inafunguka haraka kuliko zote nilizowahi kugusa. Ni dola 99, lakini majaribio hayana mwisho, inakukumbusha tu mara moja moja ununue.

#34 Chuma cha Reli
Alisema ya kununua asitajiwe. Na kutumia majaribio miaka nenda rudi bila kulipa, mimi dhamiri hainiruhusu. Mtu ametoa jasho lake.

#35 Mwanafunzi Huru
Dola 99 ni kodi ya chumba kwa miezi kadhaa mzee. Mwenyewe ameruhusu.

#36 Jirani wa Mutukula
Na mtu asisahau Windows 10 iliishiwa huduma ya masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Nyamisati, mashine hiyo iwekee Linux nyepesi, Lubuntu au Mint ya Xfce. Nusu ya uzito unaolalamikia si wa edita, ni wa Windows yenyewe na kinga ya virusi inayokagua kila faili. Humo utapata Geany, ndogo sana, F5 inakimbiza Python.

#37 BintiTarime
SSD kwanza.

#38 Nyamisati
Nimerudi wakuu. Nilifanya alivyosema Kaka wa Kirumba, nikazima ekstensheni zote isipokuwa ya Python. Imepungua kuganda lakini Chrome ikifika vichupo sita hali ni ile ile. Kisha nikaweka Notepad++. Hadithi nimeikata sura sura kama Mtunzi alivyosema, nikawasha Word wrap, nikaongeza ukubwa wa maandishi. Jana usiku nimeandika bila kugusa fonti hata mara moja, raha yake sikuitegemea. Nakala iko kwenye flashi.

Kilichobaki: Python nikiiendesha lazima nifungue dirisha jeusi pembeni nichape jina la faili. Kuna njia ya kitufe kimoja ndani ya Notepad++?

#39 Chuma cha Reli
Bonyeza F5, andika hivi:

cmd /k python "$(FULL_CURRENT_PATH)"

Kisha bonyeza Save, uipe kitufe chako, mfano Ctrl+F9. Nukuu usizisahau, folda yenye nafasi kwenye jina itakusumbua bila hizo. Na hifadhi faili kabla ya kukimbiza, haikuhifadhii.

#40 Kaka wa Kirumba
Akianza Django, mfumo wa kujengea tovuti kwa Python, na faili ishirini atarudi VS Code, nawaambia. Na mkuu akirudi, update.mode aiweke manual ili bando lisiondoke usiku. Ekstensheni pia zinaweza kupakuliwa na mtu mmoja kama faili la VSIX, darasa zima likapeana kwa flashi.

#41 Mzee wa Seva
Au awashe amri za Vim ndani ya hiyo VS Code, kuna ekstensheni yake. Mkono ukishazoea haujali dirisha.

#42 Mkisumu
Mzee hachoki, heshima yako. Kuna yeyote ameshajaribu Zed, ile ya walioanzisha Atom, iliyoandikwa kwa lugha ya Rust? Nasikia inachora kila kitu kwa kadi ya picha. Kwa Core i3 yenye picha za Intel za zamani itawaka kweli?

#43 Dada wa Takwimu
Kwangu ilikataa kufunguka, dereva ya picha ni ya zamani. Wewe mashine yako ni ya mwaka gani?